Mafunzo ya Kando kwa Watoto Wetu: Ni Haki ya Nani?

Liko jambo limeenea katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu mpaka Vanga, hata halimshangazi mtu tena. Mtoto wa skuli ya msingi atoka skuli, avua nguo zake, ala chakula, kisha ashika mabuku aenda nyumbani kwa mwalimu pamoja na wenziwe watatu au wanne, wakasomeshwe hisabu na Kiingereza. Jambo hili watu huliita tuisheni. Wazee wenye uwezo hulilipia, na wasio na uwezo huliangalia. Sisi twaona wakati umefika wa kuuliza masuala mawili ambayo ni nadra kuulizwa: Je, jambo hili ni zuri? Na likiwa ni zuri, ni haki ya nani?

Hatuulizi haya kwa kutaka kumfedhehesha mwalimu wala mzee yeyote. Twauliza kwa kuwa jambo likishakuwa ada, watu huacha kulipima. Na ada isiyopimwa huweza kubeba kheri na dhulma katika kapu moja, watu wakayala yote pamoja.

Zamani za baba na babu zetu suala lilikuwa jingine. Wakati ule mzozo ulikuwa: tuwapeleke watoto skuli za serikali au tusiwapeleke? Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika gazeti lake la Sahifa la mwaka 1930 na lile la Al-Islah lililofuata mwaka 1932, aliwanasihi watu wa pwani wasiache ilimu ya dunia ikawapita, wala wasiipate kwa kuipoteza dini yao. Mzozo ule umekwisha. Leo hapana mzee mwenye akili atakayesema mwanawe asisome. Tangu Januari 2003, serikali ilipoondoa malipo katika skuli za msingi, hata mtoto wa mvuvi na wa mchukuzi aliingia skuli. Hiyo ilikuwa neema kubwa. Lakini madarasa yalijaa kuliko walimu walivyoongezeka, na mlango ulipopanuliwa nyumba haikupanuliwa pamoja nao. Hapo ndipo tuisheni ilipopata nguvu.

Kwanza na tutazame ni nini kinachofanya kundi dogo lifae. Tutoe mfano mmoja wa hisabu, kwani mfano hushinda maneno mengi. Mtoto aambiwa atoe 178 katika 302. Aandika jawabu: 276. Katika darasa la watoto sitini, mwalimu apita upesi, atia alama ya kosa, aenda kwa mwingine. Mtoto ajua kuwa amekosa. Hajui amekosa wapi. Kesho atakosa vile vile. Lakini katika kundi la watoto watano, mwalimu yuko karibu na mkono wa mtoto, amwona anavyofanya. Aona kwamba katika kila safu mtoto huyu hutoa tarakimu ndogo katika kubwa, iwe iko juu au iko chini: kutoka 2 na 8 apata 6, kutoka 0 na 7 apata 7, kutoka 3 na 1 apata 2. Basi mtoto huyu si mjinga wala si mvivu. Ana kanuni yake aliyojitungia, naye aifuata kwa uaminifu. Ila kanuni yenyewe ni mbovu. Mwalimu akimfahamisha jinsi ya kukopa katika safu ya mbele, na jinsi ya kukopa pale penye sufuri, kwa robo saa atapata 124, na hatarudia tena kosa lile. Robo saa hiyo ndiyo ambayo darasa la watu sitini haliwezi kumpa.

Tena katika darasa kubwa mtoto asiyejua hujificha. Huketi nyuma, huitikia pamoja na wenziwe, hunakili ubaoni kwa khati nzuri, na mzee wake akilitazama buku hufurahi. Huweza kufika gredi ya nne au ya tano hawezi kusoma ukurasa mmoja akafahamu maana yake. Katika kundi la watu watano hapana pa kujificha, wala hapana haja ya kujificha, kwa kuwa hapana umati wa kumcheka.

Wala jambo hili si geni kwetu, hata tukadhani limeletwa na watu wa nje. Tuvitazame vyuo vyetu vya Kurani. Mwalimu wa chuo hakupata kusema: leo chuo kizima kimefika sura fulani, basi na wote waende huko. Kila mtoto alikuwa na mahali pake. Huyu yuko katika alifu na be, huyu yuko katika irabu, huyu amekwisha kuingia juzuu ya Amma. Mmoja mmoja alisogea mbele ya mwalimu akasoma, akasahihishwa, akarudi mahali pake. Na wakubwa waliwasomesha wadogo. Yalikuwako makosa katika vyuo vyetu, na bakora ni mojawapo. Lakini katika jambo hili vyuo vilishika msingi ulio sawa, nao ni kwamba mtoto husomeshwa kutoka pale alipo, si kutoka pale tunapotamani awe.

Na wataalamu wa leo wameufikia msingi uo huo kwa njia ya kupima. Mwaka 2005 ulianza utafiti katika skuli 121 za magharibi mwa Kenya. Skuli hizo zilipewa mwalimu wa ziada ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika nusu ya skuli watoto waligawanywa bila kutazama kiwango chao. Katika nusu nyingine waliwekwa pamoja wale walio karibu kwa kiwango. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walitangaza matokeo mwaka 2011: watoto waliogawanywa kwa kiwango walipata faida zaidi, waliokuwa mbele na waliokuwa nyuma pia. Sababu haifichiki. Mwalimu aliye mbele ya watoto wanaokaribiana huweza kusema nao wote kwa neno moja.

Basi jawabu ya suala la kwanza ni kwamba jambo hili, likiwa kama lilivyotakiwa kuwa, ni zuri. Twasema likiwa kama lilivyotakiwa kuwa, kwa sababu si kila kinachoitwa tuisheni ni hicho tulichokieleza. Watoto arubaini wakikusanywa katika chumba kimoja usiku, wakapewa masuala ya mitihani iliyopita wayakariri, hiyo si tuisheni. Hilo ni darasa jingine lenye msongamano, ila hili lalipiwa. Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 ukamalizika mwaka 2023, uliwazoesha watu kudhani kuwa kusoma maana yake ni kukariri majawabu. Mtihani umekwenda, na mazoea yamebaki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu chake cha 37, imekataza watoto kusomeshwa tuisheni wakati wa likizo, na mwenye kukhalifu huweza kutozwa faini isiyozidi shilingi laki moja, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Hata hivyo twaona watu wakiivunja sheria hii mchana, wazee na walimu pamoja, kila mmoja akidai amelazimishwa na mwenziwe.

Sasa tuje katika suala la pili, nalo ndilo zito: ni haki ya nani?

Tuanze na mwalimu. Mwalimu wa skuli ameajiriwa kuwasomesha watoto wote walio mbele yake. Saa zile za asubuhi si zake tena. Amekwisha kuziuza, na thamani yake aipokea kila mwezi. Mwalimu akipunguza bidii asubuhi ili watoto wamhitaji jioni, akalifundisha somo nusu darasani na nusu ya pili akaiweka nyumbani kwake kwa malipo, mfano wake ni mfano wa mtu aliyeajiriwa na msikiti kujaza birika la kutawadhia. Mtu huyo akalijaza nusu, kisha akaketi mlangoni na madumu yake, akawauzia maji wanaokuja kusali. Maji ni yale yale, na kisima ni kile kile, lakini fedha alizozipata mlangoni ni fedha za khiyana.

Hatusemi walimu wote ni hivyo. Wako walimu, tena wengi, wanaosomesha asubuhi kwa ikhlasi, na jioni huwa wamechoka kama wachoka wengine. Nao wana watoto, wana kodi ya nyumba, na mshahara haukidhi. Kumwambia mtu kama huyo kwamba jioni yake pia ni yetu bure, hiyo nayo ni dhulma. Wanazuoni wa zamani walikhitalifiana juu ya malipo ya kusomesha hata Kurani yenyewe, na wengi wa waliokuja nyuma waliruhusu, wasije watu wakaacha kusomesha na ilimu ikapotea. Lakini waliporuhusu malipo hawakuruhusu upendeleo. Ibn Sahnun wa Qayrawan, aliyefariki mwaka 870, aliandika kitabu kizima juu ya adabu za waalimu, na katika yale aliyoyasisitiza ni kwamba mtoto wa mtukufu na mtoto wa mnyonge wawe sawa mbele ya mwalimu.

Kwa hivyo twaona kanuni moja yatosha kuitenga halali na shubha: mwalimu asipokee malipo ya jioni kutoka kwa mtoto anayemsomesha yeye mwenyewe asubuhi. Na asomeshe watoto wa skuli nyingine, au wa darasa lisilo lake. Hapo hatakuwa na sababu ya kuficha kitu darasani, wala mzee hatakuwa na sababu ya kumshuku, wala mtoto wa masikini hataona kuwa mwenziwe aliyelipa aitwa kwa jina na yeye aitwa kwa kidole.

Ama mzee, je, afanya makosa kumlipia mwanawe? Wako wasemao ndiyo, kwa kuwa amnunulia mwanawe nafasi mbele ya watoto wa wengine. Sisi hatukubali neno hili moja kwa moja. Mzee ameamrishwa kumlea mwanawe, na kumsomesha ni katika malezi. Anayemwona mwanawe ashindwa kusoma akamtafutia mwalimu, amefanya la wajibu. Hapana dini wala akili imwambiayo mtu amwache mwanawe ajingike ili awe sawa na mtoto wa jirani.

Lakini yataka tutenge baina ya mambo mawili yanayofanana kwa nje. Liko la kumpa chakula mtoto mwenye njaa, na liko la kumshindilia mtoto aliyeshiba ili awe mnene kuliko wa jirani. Mtoto aliye nyuma akasaidiwa afike, hilo ni la kwanza. Mtoto aliye mbele, anayefahamu somo lake, akapelekwa tuisheni kila siku kwa sababu tu mamaye amesikia kuwa mtoto wa fulani apelekwa, hilo ni la pili. La kwanza ni haja. La pili ni mashindano ya wazee yaliyotwikwa migongoni mwa watoto.

Na hata katika lile la kwanza, mzee bado ana suala la jirani. Sote tumesikia usia wa Mtume (s.a.w.) alipomwambia Abu Dharr kuwa apikapo mchuzi aongeze maji yake awakumbuke jirani zake. Tuufikiri usia huu kwa makini, kwani ndani yake mna hisabu. Mwenye chungu hakuambiwa atoe nyama yake yote akalala na njaa. Ameambiwa aongeze maji, jambo lisilomgharimu ila kidogo sana, na kwa kidogo hicho mtu mwingine apata kula. Basi ubaya wa asiyetoa ni kwamba amezuia kitu ambacho hakikumpunguzia chochote.

Na ilimu ya kundi dogo ni chungu cha namna hii hii. Mwalimu amfundishaye mtoto mmoja, akiongezewa wa pili, wa tatu, wa nne na wa tano, kazi yake haizidi mara tano. Hata yule wa kwanza hapunguziwi. Huenda akazidishiwa, kwa kuwa mtoto anapomweleza mwenziwe jambo ndipo yeye mwenyewe hulifahamu sawasawa. Ni kweli kwamba mchuzi una mpaka wake. Ukiongeza maji bila kiasi hautakuwa mchuzi tena, na kundi la watoto ishirini si kundi. Lakini baina ya mtoto mmoja na watoto sita iko nafasi pana, na nafasi hiyo ina mwenyewe. Mwenyewe ni mtoto wa jirani asiyekuwa na cha kulipa.

Tufanye hisabu ya mfano. Tuseme mwalimu ameridhika na shilingi elfu mbili kwa mwezi kwa kundi zima. Watoto wanne wakitoa mia tano mia tano, fedha zimetimia. Wa tano akiketi bure, ni nani aliyepata khasara? Mwalimu amepata alichokitaka. Wazee wanne wamelipa kile ambacho wangelilipa. Na mtoto wa tano amepata kusoma. Mtu akikataa hapa, aulize moyo wake akataa kwa sababu gani. Na twakhofu kuwa jawabu itamtia haya.

Sharti ni moja tu: sitara. Fedha zisitolewe na watoto mkononi mwa mwalimu mbele ya wenziwao, hata ikajulikana ni nani aliyeleta na ni nani asiyeleta. Zikusanywe na mtu mzima mmoja wa mtaa, mwaminifu, naye ndiye amlipaye mwalimu. Mtoto wa tano asijue kuwa yeye ni wa tano. Sadaka iliyo bora ni ile ambayo mkono wa kushoto haukujua kilichotolewa na wa kulia. Na kumsomesha mtoto kisha ukamvunja uso ni kutoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine.

Huenda mtu akatuambia: haya ni wajibu wa serikali, na sisi tukiyabeba tutaipa serikali usingizi. Jawabu yetu ni kwamba deni la serikali halifutiki kwa msaada wa jirani. Na tuendelee kudai walimu wa kutosha na madarasa ya kutosha, kwa sauti na kwa maandishi, kupitia kwa wajumbe wetu na halmashauri za skuli. Lakini mtoto wa gredi ya nne asiyejua kusoma hawezi kungoja mpaka bajeti ipite. Mwaka ukimpita haurudi. Vitabu vya sira vimepokea kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, katika mateka wa Makka waliokuwa hawana fedha za kujikomboa wako waliojua kuandika, na fidia yao ilikuwa kila mmoja awasomeshe watoto kumi wa Madina. Mji wenyewe ulikuwa mchanga, una maadui kila upande, na fedha ulizihitaji mno. Juu ya hayo ilikubaliwa ilimu ya watoto isimame mahali pa fedha, tena kutoka kwa mtu aliyekuja kupigana nao. Sisi tulio katika amani, na wenye kusoma wamejaa mabarazani mwetu, tuna udhuru gani?

Na mwingine huenda akauliza: je, mtoto atapumzika lini? Suala hili ni la haki, na twataka wazee walisikilize. Mtoto wetu wa pwani ana skuli, tena ana chuo. Tukimwongezea tuisheni kila jioni, tumemfanya punda wa mizigo mitatu. Imamu Ghazali amesema katika Ihya kwamba mtoto aruhusiwe kucheza baada ya masomo, kwani kumzuia mchezo na kumsomesha daima huufisha moyo wake na kuidhoofisha akili yake. Na Ibn Khaldun katika Mukaddima yake ya mwaka 1377 ameeleza kuwa ukali juu ya mtoto humfunza uwongo na hila, kwa kuogopa mkono utakaompiga. Basi kundi likutane siku mbili kwa juma, saa moja, lisizidi. Lisikutane wakati wa chuo, wala baada ya Isha. Bakora isiingie. Na mtoto akishakamata lile lililomshinda, na atoke, nafasi yake apewe mwingine. Kwani makusudio ni kumvusha mto, si kumweka katika mtumbwi maisha yake yote.

Wala wasichana wasisahauliwe. Mara nyingi twaona mvulana apelekwa kwa mwalimu na dada yake abakizwa jikoni, na ilhali huenda dada ndiye aliyekuwa na haja zaidi. Wakitengewa kundi lao na mwalimu wa kike aliye karibu, hapana hoja itakayobaki kwa mzee wao.

Jambo hili halitaki jumba wala harambee. Lataka mkeka, ubao mdogo, chaki, na mtu mmoja mwenye subira. Chumba cha madrasa hukaa kitupu saa nyingi za siku. Na vijana wetu waliomaliza sekondari, wanaongoja kazi au chuo kikuu, waketi barazani mchana kutwa. Wengi wao waweza kumfundisha mtoto kusoma na kutoa na kugawanya, ikiwa mwalimu mmoja mzoefu atawaongoza na mtaa utawapa heshima na ujira mdogo. Mtaa wenye vijana watano kama hao, kila mmoja na watoto watano, umewashika mkono watoto ishirini na watano kwa mwaka mmoja.

Tumezoea kila mwaka, matokeo yatokapo, kuulizana: ni nani aliyekuwa wa kwanza? Twaitangaza picha yake, na sawa, astahili. Lakini mtaa haupimwi kwa mtoto wake wa kwanza peke yake, kama vile jahazi halipimwi kwa tanga lake. Na tuulizane pia: ni nani aliyeachwa nyuma, nyumba yake ni ipi, na ni nani kati yetu aliyekuwa na nafasi moja mkekani asimwite?

Wa billahi ttawfiq.